Usukani, Kiyoyozi na Magari ya Nishati Mbadala: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki ardhi hukatika ghafla kwenye Lyamba lya Mfipa na kuangukia Bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa magharibi huteremka hadi Kasanga na Kipili, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Maziwa yote mawili yapo karibu na mita 800. Kwa hiyo mwenye gari anayekwenda Muze kununua mpunga, au Kasanga kufuata dagaa na migebuka, hushuka takriban mita 1,000 kabla ya kufika, na mara nyingi huzipanda tena siku hiyo hiyo.

Safari ya namna hiyo huyapima magari kwa ukali. Usukani uliovumilika kwenye barabara tambarare ya Laela hudhihirisha kasoro zake kwenye kona za mteremko. Kiyoyozi ambacho hakikuhitajika kwa miezi mingi ya ubaridi wa mjini hutakiwa ghafla katika joto la bonde. Na sasa limeongezeka jambo la tatu: magari ya haibridi, yanayotumia injini na umeme kwa pamoja, na magari yaliyofungwa mitungi ya gesi asilia yameanza kuuzwa hadi mikoani, nayo yana kanuni zake ambazo si kila gereji inazifahamu.

Katika makala hii tunaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, dalili za kila kasoro, na namna ya kuzungumza na fundi ili fedha yako ilipe kazi iliyohitajika kweli. Hatukusudii kumfanya kila msomaji kuwa fundi. Tunakusudia aweze kuuliza swali sahihi kabla ya kutoa fedha.

Swali la kwanza: kinaendeshwa na nini?

Kabla ya kulipeleka gari gereji, jua kama usukani na kiyoyozi chake vinaendeshwa na injini au na umeme. Jibu la swali hili hubadili kila kitu kinachofuata.

Katika magari ya mtindo wa zamani, na katika Hiace, Hilux na Land Cruiser nyingi zinazobeba abiria na mizigo katika mkoa wetu, injini huzungusha mkanda ambao mafundi huuita fani belti. Mkanda huo huizungusha pampu inayosukuma mafuta ya usukani, ndiyo pawa stelingi. Mkanda pia huizungusha kompresa ya kiyoyozi. Injini ikizimika, misaada hiyo yote hukoma.

Katika magari mengi madogo, kama Vitz, IST na Passo, usukani husaidiwa na mota ya umeme. Hakuna pampu, hakuna mkanda wa usukani, wala hakuna mafuta ya usukani. Kompresa ya kiyoyozi, hata hivyo, bado huzungushwa na injini.

Katika magari ya haibridi kama Prius na Aqua, usukani na kiyoyozi vyote huendeshwa na umeme. Kuanzia toleo la Prius la mwaka 2003, kompresa ya kiyoyozi hupata umeme kutoka kwenye betri kubwa inayoliendesha gari, si kutoka kwenye mkanda wa injini. Umeme huo ni wa volti 200 na zaidi katika Prius, nao unaweza kuua.

Kujua gari lako lipo kundi gani hakuhitaji chombo chochote. Fungua boneti. Ukiona kikopo kidogo cha mafuta chenye picha ya usukani kwenye kifuniko chake, usukani wako ni wa mafuta. Ukiona nyaya nene za rangi ya machungwa, gari lako lina umeme mkubwa, na si kila mtu anapaswa kuligusa.

Usukani: anza na sababu za bei ndogo

Malalamiko ya kawaida ni usukani kuwa mzito. Sababu zake ni nyingi, na hazilingani kwa bei. Ya bei ndogo kuliko zote ni upepo hafifu katika matairi ya mbele. Tairi lililolegea hugandamana na ardhi na kuukaza usukani. Inayofuata ni mkanda uliolegea au kuchakaa, ambao hupiga kelele ya mlio mkali gari linapokatwa kona likiwa mwendo mdogo. Kisha kuna mafuta ya usukani yaliyopungua, ambayo hufanya pampu iunguruma. Pampu yenyewe huja baada ya hapo. Raki ya usukani, yaani kifaa kikuu kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, ndiyo ya mwisho na ya gharama kubwa kuliko vyote.

Fundi mwaminifu hufuata mpangilio huo. Anayeanza kwa kukuambia ununue raki kabla ya kupima upepo wa matairi hajafanya uchunguzi. Amefanya makisio, na makisio hayo yatalipwa na wewe.

Dalili nyingine zina maana zake. Usukani ukicheza, yaani unauzungusha kidogo na magurudumu hayajibu, tazama tairodi, boljointi na bushi. Gari likivuta upande mmoja, pima kwanza upepo wa matairi yote, kisha alaimenti. Usukani ukitetemeka katika mwendo mkubwa, mara nyingi kasoro ipo kwenye uwiano wa magurudumu, wala si kwenye usukani wenyewe.

Upo uchunguzi mmoja ambao mwenye gari anaweza kuushuhudia kwa macho yake. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini inawaka na breki ya mkono imefungwa, mtu mmoja aukae usukani na kuuchezesha kidogo kidogo kushoto na kulia. Mwingine achuchumae pembeni na kutazama viungo vya tairodi nyuma ya magurudumu ya mbele, bila kuingia chini ya gari. Kiungo kinachochezacheza kabla gurudumu halijasogea ndicho kilichokwisha. Mwombe fundi akuonyeshe hilo kabla hujanunua spea.

Mambo manne tunayasisitiza kuhusu usukani.

La kwanza, mafuta ya usukani hayaishi kwa kutumika. Yakipungua, yanavuja mahali fulani. Kuongeza mafuta kila mwezi bila kutafuta mahali yanapovuja ni kulipia kasoro ile ile mara nyingi. Wala yasichanganywe kamwe na mafuta ya breki, kwa kuwa hayo huharibu mipira ya pampu na ya raki.

La pili, gari lenye usukani wa umeme halina mafuta ya usukani. Iwapo risiti yako ya Vitz au IST imeandikwa "oili ya stelingi", umelipia kitu ambacho gari lako halina pa kukiweka. Katika magari hayo, usukani ukikaza na taa ya alama ya usukani ikawaka, uchunguzi huanza kwenye betri ndogo, vichwa vya nyaya za betri, fyuzi na altaneta. Mara nyingi dawa ni betri iliyochoka, wala si mota ya usukani.

La tatu, kila tairodi au raki inapobadilishwa, alaimenti lazima ipimwe upya. Pasipo mashine karibu, fundi anaweza kupima kwa futi umbali kati ya matairi ya mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma wa matairi hayo, na kusawazisha kwa muda. Bila kipimo, matairi mapya yanaweza kulika upande mmoja kabla ya msimu kwisha.

La nne ni la uhai. Baadhi ya madereva huweka gia huru, wanayoiita fri, au hata kuzima injini katika mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, msaada wa usukani na wa breki hupotea, na kwa baadhi ya magari usukani unaweza kujifunga kabisa. Gia ikiwa huru, injini haiwezi kulizuia gari, na breki hubaki peke yake hadi ipate moto na kushindwa. Kinachookolewa ni mafuta kidogo mno. Kwenye kona za Lyamba lya Mfipa, shuka na gia ndogo na injini ikiwaka.

Kiyoyozi: gesi haiishi, huvuja

Ubaridi wa Sumbawanga hutufanya wengi tukisahau kiyoyozi kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo kinapoharibika. Ndani ya mfumo wake, mafuta ya kulainisha huzunguka pamoja na gesi. Kompresa isipowashwa kwa muda mrefu, mipira inayozuia gesi hukauka na kusinyaa, na gesi huanza kutoroka. Tunashauri kiyoyozi kiwashwe kwa dakika kumi hivi kila wiki au kila wiki mbili, hata katika baridi ya Juni na Julai. Kazi hiyo haipotei bure. Kiyoyozi hukausha hewa, na kwa hiyo huondoa haraka ukungu unaoziba kioo cha mbele asubuhi za baridi na wakati wa mvua.

Kiyoyozi kikiacha kupoza, mwenye gari huambiwa, "Gesi imeisha, tuongeze." Neno hilo linahitaji kuchunguzwa. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ikibadilika kuwa kimiminika na kurudi kuwa gesi, na kila inapofanya hivyo hubeba joto kutoka ndani ya gari na kulitoa nje. Katika mfumo mzima hupungua kidogo sana kwa miaka mingi. Ikiwa imekwisha ndani ya mwaka mmoja, pana tundu. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Hapa pia anza na sababu za bei ndogo. Hewa ikitoka kidogo lakini ni baridi, huenda chujio la hewa ya ndani limejaa vumbi. Katika magari mengi lipo nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na vumbi la kiangazi cha Ufipa hulijaza haraka. Hewa ikitoka kwa wingi lakini ni vuguvugu, tazama kondensa iliyo mbele ya rejeta: tope, wadudu na majani huziba mapezi yake, na maji yanayomwagwa taratibu yanaweza kuyasafisha. Hakikisha feni yake inazunguka. Kisha pima fyuzi. Baada ya hayo ndipo tundu litafutwe, na kompresa ishukiwe mwisho.

Kazi ya gesi ikifanywa ipasavyo huwa na hatua tano ambazo mteja anaweza kuzishuhudia:

1. Gesi iliyobaki hutolewa kwa mashine ya kuikusanya. Isiachiwe hewani.

2. Tundu hutafutwa kwa povu la sabuni, kwa kifaa cha kunusa gesi au kwa rangi inayong'aa, kisha kifaa kinachovuja hutengenezwa au kubadilishwa.

3. Hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu maalumu kwa muda wa nusu saa hivi.

4. Pampu hufungwa na geji huachwa kwa dakika 15. Sindano isiporudi, mfumo umeziba.

5. Gesi mpya huingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi madogo huchukua kati ya gramu 400 na 600. Ikizidi, kiyoyozi hupoza vibaya na kompresa huumia.

Kuhusu hatua ya nne, uwanda wetu una jambo lake. Kwa kuwa tupo juu, mgandamizo wa hewa Sumbawanga ni kama nne ya tano ya ule wa Dar es Salaam. Geji inayosomwa kwa inchi, ambayo pwani hukaribia 30 hewa inapokwisha kunyonywa, hapa hufika 24 hivi tu. Hiyo si dalili ya pampu mbovu wala ya tundu, na mteja asitozwe kwa sababu hiyo. Kinachotazamwa ni kama sindano inabaki mahali pake.

Ulizia pia jina la gesi. Magari mengi yaliyopo barabarani hutumia R134a, na baadhi ya mapya hutumia R1234yf, hazibadilishani. R12 ya magari ya zamani iliondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. R134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja ikiachiwa angani huongeza joto la dunia zaidi ya kilo 1,300 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana nchi zilikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii hiyo.

Gesi moja tunaikataza kabisa: gesi ya kupikia. Ipo ya bei nafuu na kweli hupoza, na hilo ndilo linalowashawishi wengine. Lakini kipoza hewa cha gari kipo nyuma ya dashibodi, ndani mnamokaa abiria. Kikivuja usiku madirisha yakiwa yamefungwa, cheche moja inatosha kuligeuza gari kuwa moto. Fundi akikupa bei ya chini isiyoelezeka, mwombe akuonyeshe kopo la gesi na jina lililoandikwa juu yake.

Haibridi: usukani, kiyoyozi na betri ni jambo moja

Tuchukulie mtu amenunua Prius iliyotumika kutoka Japani. Mafuta yanapungua kweli, naye anafurahi. Mwaka wa pili kiyoyozi kinashindwa. Anakwenda kwa fundi anayeyajua vizuri magari ya kawaida. Fundi anaziba tundu, anaongeza gesi sahihi, na pamoja nayo mafuta ya kompresa aliyoyazoea. Baada ya wiki chache taa ya tahadhari inawaka na gari linakataa kuwaka. Kompresa ya umeme ina mota ndani yake, inayooga katika mafuta hayo. Mafuta yake ni ya aina ya esta, yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida ya kompresa za mkanda, hata yakiwa kidogo, huharibu kinga hiyo. Umeme huvuja hadi kwenye bodi, na kompyuta ya gari hulizima gari ili kumlinda dereva. Kosa la mafuta kidogo limezaa gharama ya kompresa nzima.

Fundi katika mfano huu hakudanganya. Alifanya kazi asiyoijua, na mteja hakujua kumuuliza. Kwa hiyo, kabla ya kiyoyozi cha haibridi kufunguliwa, uliza mambo mawili. Je, unatumia mafuta gani ya kompresa? Je, umewahi kuukata umeme mkubwa kwa kuchomoa plagi yake ya usalama, ukiwa na glavu za mpira za umeme, na kungoja dakika kumi kabla ya kugusa? Asiyeweza kuyajibu apewe kazi nyingine ya gari, si hiyo.

Betri kubwa nayo hutegemea hewa ya ndani ya gari. Katika Prius na Aqua, tundu linalovuta hewa ya kuipoza lipo pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Gunia la mahindi likiegemea hapo, au vumbi likijaza chujio lake, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Lisafishe kila kiangazi. Unapoingia katika joto la Bonde la Rukwa, kiyoyozi kinachofanya kazi huipoza betri pamoja na abiria. Si anasa tu.

Mteremko nao una somo lake. Haibridi hugeuza mwendo wa kushuka kuwa umeme na kuuhifadhi. Lakini gari la kilo 1,400 likishuka mita 1,000, mteremko huliachia nishati inayokaribia yuniti nne za umeme, ilhali betri ya Prius hubeba yuniti 1.3 tu, tena haitumiki yote. Betri hujaa kabla hujafika chini, na tangu hapo haikusaidii tena kupunguza mwendo. Weka gia kwenye alama ya B, ili injini ishike mwendo na breki zipumzike.

Unaponunua haibridi iliyotumika, taka betri ipimwe kwa kompyuta sehemu moja moja. Betri ya Prius ya miaka hiyo ina sehemu 28, kila moja ya volti 7.2. Muuzaji au fundi anayebadilisha moja iliyokufa tu hukupa nafuu ya muda, kwa kuwa 27 zilizobaki zina umri ule ule. Bei ya betri nzima, pamoja na usafirishaji wake hadi Sumbawanga, ihesabiwe kabla ya kununua gari.

Gesi asilia: nafuu ya pwani, mzigo wa Ufipa

Tanzania imekuwa ikizalisha gesi asilia kutoka Songo Songo tangu mwaka 2004, na magari mengi ya Dar es Salaam, hasa teksi na bajaji, yamefungwa mitungi ya gesi hiyo iliyoshindiliwa. Kwa dereva wa pale, mwenye kituo cha kujazia karibu, nafuu ni kubwa. Lakini vituo vingi vipo Dar es Salaam na maeneo ya jirani, na kutoka huko hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, umbali unaozidi mara kadhaa uwezo wa mtungi mmoja wa gari dogo.

Hivyo, gari lenye mtungi linalouzwa kwetu kwa sifa ya "kutumia gesi" litatembea kwa petroli siku zote, huku limebeba mtungi mzito usio na kazi, umechukua nafasi ya mizigo na unakandamiza springi za nyuma. Tena injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake katika mwinuko wetu kwa uchache wa hewa, na gesi huipunguzia zaidi. Usilipie nyongeza ya bei kwa mfumo usioweza kuutumia.

Ukinunua gari la namna hiyo, dai cheti cha mtungi, tarehe ya mwisho ya matumizi yake na jina la karakana iliyoufunga. Gesi hiyo hushindiliwa hadi bar 200, karibu mara 90 ya upepo wa tairi. Mtungi uliochubuka, wenye kutu au usio na cheti usijazwe. Na kamwe usijazwe gesi ya kupikia. Ni gesi nyingine, yenye mgandamizo mwingine na vifaa vingine.

Wako pia wanaouliza kuhusu gesi iliyogunduliwa katika Bonde la Rukwa, iliyotangazwa mwaka 2016. Hiyo ni heli. Heli haiwaki. Ni mali yenye thamani kwa hospitali na viwanda, lakini hakuna gari litakaloendeshwa kwayo. Anayekuuzia mfumo wa gari kwa ahadi ya gesi ya Rukwa anakuhadaa.

Magari ya umeme

Gari la umeme halipotezi nguvu kwa mwinuko, na halina mafuta ya injini. Kwa safari za mjini tu laweza kufaa. Lakini lipime kwa safari zako, si kwa tangazo. Nissan Leaf ya mwanzo, ya mwaka 2011, ilikadiriwa nchini Marekani kwenda kilomita 117 ikiwa mpya. Tunduma ipo zaidi ya kilomita 200 kutoka Sumbawanga, na Leaf iliyotumika miaka mingi haifiki hata makadirio yake ya mwanzo. Kupanda kutoka ziwani hadi mjini peke yake hula takriban yuniti nne juu ya matumizi ya kawaida, na kiyoyozi huongeza. Kwenye dashibodi ya Leaf pana vijipau 12 vya afya ya betri, pembeni mwa vile vya chaji. Vihesabu kabla ya kulipa.

Kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake

Kabla ya kazi, taka makisio ya maandishi yanayotenganisha bei ya uchunguzi, ya spea na ya ufundi. Eleza wazi kwamba kazi yoyote ya ziada ifanywe baada ya wewe kukubali.

Wakati wa kazi, kubaliana kama spea ni mpya, iliyotumika au ya kuiga, na iandikwe hivyo. Omba spea kuukuu urudishiwe. Ndiyo ushahidi kwamba mpya imefungwa.

Baada ya kazi, liendeshe gari ukiwa na fundi, mahali penye kona na mteremko mdogo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Dai risiti ya kielektroniki na muda wa dhamana kwa maandishi. Risiti ndiyo mdomo wako siku ya mgogoro.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha au kumhadaa mlaji, na inamtaka mtoa huduma kuifanya kazi yake kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Kazi ikiharibika, rudi kwanza kwa fundi au muuzaji ukiwa na risiti, na umpe nafasi ya kurekebisha. Asipofanya hivyo, andika lalamiko lako kwa ufupi: tarehe, kazi iliyoagizwa, fedha iliyolipwa, kasoro iliyobaki, na unachotaka kitendeke. Lipeleke Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Kuhusu ubora wa spea na mitungi, lihusu pia Shirika la Viwango Tanzania; na kuhusu vituo vya mafuta na gesi, EWURA.

Mafundi wengi wa Ufipa ni watu hodari waliojifunza kwa mikono yao, na gari la kigeni huwafikia kabla ya mafunzo yake. Mteja anayeuliza kwa adabu, "Kinaendeshwa na nini, na umepimaje?", hamdharau fundi wa namna hiyo. Humsaidia kufanya kazi nzuri, na humrahisishia kusema "hili silijui" kabla ya kufungua kisichofungika tena.